Supu nzito ya njegere kavu: tujadili mpangilio wa sufuria kabla ya kujadili viungo

#1 – Mleta uzi

Ndugu zangu wapishi, maelekezo mengi ya supu ya njegere kavu zilizopasuliwa hutofautiana sana katika viungo, lakini hufanana katika jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloiharibu: kila kitu hutiwa sufuriani kwa wakati mmoja, kisha mpishi huambiwa asubiri hadi kiive. Nyama yenye mfupa huhitaji saa 2 au zaidi ili iachie mfupa, njegere huhitaji saa 1 hivi, na karoti iliyokatwa vipande vidogo huhitaji dakika 20. Ukivianzisha pamoja, ama utakula nyama ngumu ndani ya supu iliyokwisha kuiva, ama utakula nyama laini ndani ya rojo lililoshika chini, lenye karoti zisizo na ladha ya karoti tena. Hoja yangu ni kwamba supu hii ni suala la mpangilio, na mtu akishaushika mpangilio anaweza kubadili viungo apendavyo.

Nianze na njegere zenyewe. Hizi ni mbegu za mmea uleule unaotupatia njegere mbichi, yaani *Pisum sativum*, zilizoachwa zikomae na kukauka, kisha zikakobolewa ganda la nje na kupasuliwa katika nusu zake mbili za asili. Kwa kuwa ganda halipo, maji hupenya kutoka kila upande, ndiyo maana hazihitaji kulowekwa usiku kucha kama maharage, na ndiyo maana huvurugika zenyewe na kuifanya supu iwe nzito bila msaada wa unga. Ziko za kijani, zenye utamu kidogo na harufu ya majani, na ziko za njano, ambazo ladha yake ni tulivu zaidi. Zote hupikwa kwa njia moja, na sioni sababu ya kugombana juu ya rangi.

Kwa walaji 6 hadi 8 mimi hutumia gramu 500 za njegere, kifundo kimoja cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi chenye uzito wa kilo 1 hivi pamoja na mfupa, vitunguu maji viwili, karoti tatu, mashina mawili ya seleri, liki moja, kiazi mviringo kimoja cha wastani, punje tatu za kitunguu saumu, tawi dogo la thaimu na pilipili manga. Asiyekula nguruwe asiondoke. Mfupa wa ng'ombe au paja la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi hufanya kazi hiyohiyo, na asiyekula nyama kabisa tutamfikia.

Kazi ya kwanza ni ya nyama peke yake. Kifundo huwekwa katika lita 2.5 za maji baridi, huchemshwa, povu la mwanzo huenguliwa, kisha moto hupunguzwa hadi maji yawe yanatokota kwa utulivu, mapovu machache yakipanda hapa na pale, kwa muda wa saa 1 na nusu hadi 2. Katika muda huo kolajeni iliyomo katika ngozi na kano hugeuka taratibu kuwa jelatini, na jelatini hiyo ndiyo huifanya supu ishike mdomoni hata kabla njegere hazijaingia. Mabadiliko haya hayaharakishwi kwa moto mkali. Maji yakichachamaa, nyama hukaza na mafuta huchanganyika na mchuzi ukawa na ukungu. Nyama ikianza kujitenga na mfupa, pima mchuzi uliobaki. Kwa gramu 500 za njegere nataka lita 2; ukipungua, naongeza maji yanayochemka. Hatua hii ya kupima huachwa na watu wengi, lakini ndiyo inayoamua kama utapata supu au uji.

Wakati nyama inachemka, njegere huchambuliwa ili kuondoa vijiwe, kisha huoshwa mpaka maji yatoke safi. Unga mweupe unaozigandia ni wanga uliotokana na kupasuliwa, na usipooshwa utaongeza povu. Katika kikaango pembeni, kaanga kitunguu, nusu ya seleri, nusu ya liki na karoti moja iliyokunwa, kwa mafuta kidogo na moto wa wastani, hadi kitunguu kilainike na kingo zake zianze kuwa za dhahabu. Kitunguu saumu kiingie mwishoni kabisa, kwa dakika 1 tu, kwani kikiungua huwa kichungu.

Njegere na mboga hizi zilizokaangwa sasa ziingie katika mchuzi pamoja na thaimu. Kifundo kibaki humo kama nyama haijalainika vya kutosha. Kama imelainika, kitolewe kipoe. Chemsha, engua povu la pili, ambalo kwa kawaida huwa jingi kuliko la kwanza, punguza moto, na uache mfuniko wazi kidogo. Katika dakika 30 za mwanzo njegere huonekana kana kwamba hazifanyi chochote. Baada ya hapo kingo zake huanza kulegea, na kati ya dakika ya 45 na ya 75 huvurugika. Ni katika kipindi hiki cha pili ambapo sufuria haiachwi peke yake, kwa sababu wanga hutuama chini, na ukituama huungua. Tumia sufuria yenye kitako kizito, na mwiko upitishwe chini kabisa kila baada ya dakika 5 au zaidi kidogo, mara nyingi zaidi kadiri supu inavyozidi kuwa nzito.

Kiazi, karoti mbili zilizobaki, seleri na liki, vyote vikiwa vimekatwa vipande vya sentimeta 1, huingia zikiwa zimebaki dakika 20 hadi 25. Kwa hiyo mboga zimegawanywa mara mbili: za kwanza ziliyeyuka na kutoa ladha, za pili zipo ili kutafunwa. Nyama iliyochambuliwa kutoka mfupani irudi dakika 5 za mwisho. Chumvi huonjwa wakati huo tu, kwa kuwa nyama ya moshi huja na chumvi yake, na kiasi chake hakitabiriki. Kijiko kimoja cha chai cha siki au maji ya limau huingia sufuria ikishaepuliwa.

Unga wa ngano sijautaja na sitautaja. Supu ya njegere inayohitaji unga ni supu ambayo haijaiva.

Karibuni kwa maswali na pingamizi.

#2 – Mwiko Mrefu

Shukrani kwa maelezo marefu, ndugu mleta uzi. Nakubaliana nawe kuhusu kugawa mboga, ila nina swali kuhusu chumvi. Wazee wengi wa jikoni hufundisha kwamba chumvi ikiingia mapema njegere na maharage hugoma kulainika, na wewe pia umeichelewesha. Je, sababu ni hiyo, au ni ile tu ya chumvi ya nyama?

#3 – Mleta uzi

Sababu yangu ni nyama peke yake. Kama ningekuwa napika bila nyama ya moshi, ningeweka chumvi pamoja na njegere bila wasiwasi wowote, na ningeweka mapema makusudi, kwa sababu chumvi ya mwishoni hukaa katika mchuzi ilhali ile ya mapema huingia ndani.

Kinachozishikamanisha chembe za njegere ni pektini, aina ya gundi ya asili iliyo katika kuta zake, na pektini hukazwa na kalisi na magnesi. Chumvi ya kawaida ni sodiamu na kloridi. Sodiamu huweza kuchukua nafasi ya sehemu ya kalisi hiyo, na sodiamu haikazi pektini kama kalisi ikazavyo. Kwa hiyo chumvi, kama ina athari yoyote, husaidia ulainikaji. Mkosaji wa kweli ni tindikali. Nyanya, siki, limau na mvinyo, vikiingia mapema, huifanya pektini isiyeyuke, na njegere zitakaa saa nyingi zikiwa na kiini kigumu. Nadhani chumvi ilibebeshwa lawama kwa sababu mara nyingi huingia sufuriani pamoja na nyanya.

#4 – Jungu Kuu

Naomba kuchangia hapo hapo. Tatizo langu si chumvi wala nyanya. Nimechemsha njegere za kijani kwa zaidi ya saa 2, kwa maji na chumvi kidogo tu, na bado zilibaki na ukakasi katikati, zikiwa zimeelea katika maji ambayo hayakuwa mazito hata kidogo. Nilifuata maelekezo yote yaliyoandikwa kwenye pakiti. Nifanye nini?

#5 – Mleta uzi

Pole, na shaka yangu iko kwenye mambo mawili: umri wa njegere na aina ya maji.

Mbegu kavu zikihifadhiwa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hupatwa na mabadiliko ndani ya kuta zake ambayo huzifanya zigome kulainika hata zikichemshwa kutwa nzima. Kwa macho huwezi kuona jambo hilo kwa uhakika, ingawa njegere za kijani zilizopauka zimekaa muda mrefu kwenye mwanga na unapaswa kuzitilia shaka. Njia ya uhakika ni kuzijaribu: chukua kiganja kimoja cha njegere, chemsha katika maji matupu kwa dakika 45, kisha uzibonyeze kwa vidole. Zikisagika, mfuko mzima ni mzuri. Zisipobonyea hata kidogo, usizipotezee nyama yako ya moshi.

Jambo la pili ni maji magumu, yaani yale yenye kalisi na magnesi nyingi, ambayo huacha utando mweupe ndani ya birika. Kalisi ya maji huongezeka kwenye ile iliyomo tayari katika pektini. Ukiwa na maji ya namna hiyo, yachemshe kwanza, yaache yatulie na kupoa, kisha uyamimine taratibu ukiacha mashapo chini. Sehemu ya ugumu huondoka kwa njia hiyo, ingawa si wote. Pia unaweza kutumia magadi ya kupikia, lakini kwa mkono mwepesi sana: robo ya kijiko cha chai kwa lita 2 inatosha. Yakizidi, supu huwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1, ambayo njegere zinayo kwa wingi, huharibika. Utaona pia rangi ya kijani ikibaki ang'avu zaidi, jambo ambalo huwavutia wengi waongeze kipimo. Msivutike.

Tena, kama unaishi mahali palipoinuka sana, kumbuka kwamba kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300 za mwinuko. Sufuria inayotokota kwa nyuzi 93 haipiki kwa kasi ile ile ya nyuzi 100, hata kama mapovu yanafanana.

#6 – Mama Upawa

Wanangu, mnazungumzia saa 2 na saa 3 kana kwamba hakuna sufuria ya presha. Mimi napika supu hii kwa presha na inaiva upesi. Kwa nini mtu ajitese?

#7 – Mleta uzi

Shikamoo mama. Sipingi presha kwa upande wa nyama. Kifundo kinachohitaji saa 2 huiva kwa dakika 45 hadi 60 ndani ya presha, na mchuzi wake ni mzuri sana. Tahadhari yangu ni kwa njegere.

Njegere zilizopasuliwa hutoa povu jingi kwa sababu ya protini na saponini zilizomo, na vipande vyake vidogo huruka pamoja na povu hilo. Vikifika kwenye tundu la kutolea mvuke vinaweza kuliziba, na tundu likiziba presha haina pa kutokea. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa sufuria hizo hukataza kabisa njegere zilizopasuliwa katika vitabu vyao vya maelekezo, na wengine huziruhusu kwa masharti. Kwa hiyo la kwanza ni kusoma kitabu cha sufuria yako mwenyewe. Kama zinaruhusiwa, usijaze kupita nusu, chemsha kwanza bila kufunga na uengue povu, ongeza kijiko cha mafuta, ambacho hupunguza povu, na moto ukizimwa uiache presha ishuke yenyewe. Kuifungulia kwa haraka hurusha rojo la moto kupitia kwenye tundu. Dakika 10 hadi 15 za presha kamili, pamoja na muda wa kushuka, kwa kawaida hutosha.

Hata hivyo, mama, kuna jambo ambalo presha haiwezi kukupa, nalo ni nafasi ya kuona. Ndani ya sufuria ya wazi unaamua mwenyewe lini njegere ziachwe zikiwa nusu zimevurugika na nusu zina umbo, na mimi hiyo ndiyo hatua ninayoipenda.

#8 – Mama Upawa

Marahaba mwanangu. Hilo la kushuka yenyewe ni kweli kabisa, na wengi hawalifuati kwa kukosa subira. Nitaendelea na presha yangu kwa nyama, na njegere nitazijaribu katika sufuria ya kawaida.

#9 – Mla Mboga

Ndugu mleta uzi, uliahidi kutufikia sisi tusiokula nyama. Kila nikiondoa nyama katika maelekezo ya namna hii, ninachopata ni njegere zilizochemshwa zenye rangi ya kijivujivu. Ladha inakosekana, na hata uzito wake mdomoni si ule ule.

#10 – Mleta uzi

Umelieleza tatizo vizuri kuliko wengi, kwa sababu umetenganisha ladha na uzito. Nyama ya moshi huleta vitu vinne kwa pamoja, yaani chumvi, moshi, mafuta na jelatini, na anayeiondoa hana budi kutafuta mbadala wa kila kimoja peke yake, badala ya kutumaini kwamba mchemraba mmoja wa mchuzi utaviziba vyote.

Tuanze na mafuta, kwa sababu ndiyo husahaulika zaidi. Njegere kavu zina mafuta ya gramu 1 hivi tu katika kila gramu 100, na supu isiyo na mafuta haibebi harufu. Vijiko vitatu vya kulia vya mafuta ya zeituni au siagi wakati wa kukaanga vitunguu, na kijiko kingine cha mafuta mabichi wakati wa kupakua, si anasa. Kuhusu ladha ya kina, kaanga vitunguu muda mrefu kuliko nilivyosema hapo juu, dakika 20 hadi 30 kwa moto mdogo, mpaka viwe vya kahawia kabisa. Kisha ongeza uyoga mkavu uliolowekwa, pamoja na maji yake yaliyochujwa, na kijiko kimoja cha mchuzi wa soya. Moshi utaupata kwenye paprika ya moshi, kijiko kimoja cha chai, ikaangwe na vitunguu kwa nusu dakika tu. Jelatini haina mbadala halisi, lakini ukiichukua theluthi moja ya supu, ukaisaga mpaka iwe laini kabisa na kuirudisha, hutaikosa sana. Chumvi, kama nilivyomjibu Mwiko Mrefu, iweke mwanzoni.

Nadhani kwa supu ya namna hii njegere za njano ni bora. Zile za kijani hubadilika rangi kwa kupikwa muda mrefu, kwani klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea, hupoteza magnesi yake na kugeuka kuwa ya kijani cha zeituni, na bila nyama ya waridi ya kuipamba, rangi hiyo huonekana kama uliyoieleza. Zile za njano hubaki za njano.

#11 – Mwiko Mrefu

Nikiongezea kwa wanaokula samaki: samaki wa moshi pia anafaa, lakini asichemshwe na njegere. Nyama yake huvunjika na mchuzi huchukua uchungu. Mtoe miiba, mchambue, mweke dakika 3 au 4 kabla ya kuepua, na uonje kabla ya kutia chumvi yoyote.

#12 – Mleta uzi

Umenena vyema. Hiyo pia ni hoja ya mpangilio.

#13 – Jungu Kuu

Nimefanya lile jaribio la kiganja kimoja. Njegere zangu za zamani hazikubonyea baada ya dakika 45, na za mfuko mpya zimesagika zote, kwa maji yale yale. Kwa hiyo tatizo halikuwa maji. Sasa nina swali jingine kuhusu blenda. Ninapenda supu iliyo laini kabisa isiyo na vipande. Je, ni kosa?

#14 – Mleta uzi

Si kosa, ni suala la mapenzi ya mtu, ingawa mimi naona supu iliyosagwa yote huchosha baada ya vijiko vichache. Ukitaka kusaga, saga kabla ya kurudisha nyama na kabla ya kuweka mboga za vipande. Blenda ya mkono ni salama zaidi. Ukitumia blenda ya jagi, usiijaze kupita theluthi moja, ondoa kifuniko kidogo cha katikati na ufunike tundu hilo kwa kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu mvuke wa supu ya moto hupanuka ghafla na unaweza kuurusha mfuniko wote pamoja na supu. Anza na mwendo wa chini kabisa.

Kwa asiye na blenda, mwiko unatosha. Bonyeza njegere kwenye ukuta wa sufuria mara kadhaa, na utaona jinsi mchuzi unavyobadilika.

#15 – Mama Upawa

Na ikishika chini? Maana katika kupika kwa watu wengi hilo hutokea hata kwa mwenye uangalifu.

#16 – Mleta uzi

Mama, sheria ni moja: usikwangue. Ukisikia harufu ya kuungua, epua mara moja, mimina supu katika sufuria nyingine bila kugusa kitako, na uonje. Kama ladha ya kuungua haijapanda juu, endelea na moto mdogo zaidi. Kama imepanda, hakuna limau wala kiungo kitakachoifuta, na kuongeza nyama ya moshi ili kuificha ni kupoteza nyama. Wapo wanaopenda kuiva kwenye oveni kwa sababu hiyo: sufuria nzito yenye mfuniko, nyuzi 150 za Selsiasi, saa 1 na nusu hivi baada ya kuchemka kwenye jiko. Joto huja kutoka pande zote, na kitako hakibebi mzigo wote peke yake.

#17 – Mla Mboga

Nimepika jana kwa njegere za njano, vitunguu vya kahawia na uyoga. Kuhusu ladha sina la kulalamikia. Ila usiku niliiacha ipoe, na asubuhi nimeikuta imeganda, naweza kuikata kwa kisu. Je, nilitumia maji kidogo mno? Na kuhusu kuiacha ipoe mezani usiku kucha, kuna hatari?

#18 – Mleta uzi

Kuganda si dalili ya kosa. Takriban theluthi moja ya wanga wa njegere ni amilosi (moja ya aina mbili za molekuli zinazounda wanga), kiasi ambacho ni kikubwa kuliko cha wanga wa nafaka nyingi, na amilosi ikipoa hujipanga upya na kushikana. Supu yenye nyama huganda zaidi, kwa kuwa jelatini nayo hushika. Ipashe kwa moto mdogo ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo, nusu kikombe kwa kila upawa mmoja mkubwa hadi miwili, huku ukikoroga kutoka chini. Kisha onja tena, kwa sababu maji uliyoongeza yamepunguza chumvi na uchachu. Wengi huona supu ya siku ya pili ni tamu zaidi, nami ni mmoja wao.

Kuhusu kuiacha mezani usiku kucha, hapo nitakuwa mkali. Usile hiyo. Supu nzito hupoa polepole mno katikati, na kuna bakteria, hasa *Clostridium perfringens* na *Bacillus cereus*, ambao mbegu zao (spora) hustahimili kuchemshwa, kisha huamka na kuzaana supu ikiwa vuguvugu. *Bacillus cereus* huweza kuacha sumu isiyoharibiwa na kupasha moto, kwa hiyo kuichemsha tena asubuhi hakukuokoi. Mwongozo unaotumika sana katika majiko ya biashara ni kukishusha chakula kutoka nyuzi 57 hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2, na kutoka hapo hadi nyuzi 5 ndani ya saa nyingine 4. Nyumbani, njia nyepesi ni kuigawa supu ikiwa bado ya moto katika vyombo vipana visivyo na kina kirefu, kina cha sentimeta 5 hadi 7, kuviweka ndani ya karai la maji baridi na kukoroga kwa dakika chache, kisha kuviingiza katika jokofu. Huko hudumu siku 3 hadi 4. Wakati wa kupasha, ichemke kabisa, si kuwa vuguvugu tu.

#19 – Mla Mboga

Nimeimwaga, kwa masikitiko. Swali la mwisho kutoka kwangu: nikila supu hii bila nyama, je, nimepata mlo kamili? Na kuhusu gesi tumboni, kuna dawa?

#20 – Mleta uzi

Gramu 100 za njegere kavu zina protini gramu 23 hadi 25, pamoja na nyuzinyuzi kwa wingi, foleti na madini ya chuma. Kati ya amino asidi, yaani vijenzi vya protini, ina lisini ya kutosha, lakini ina upungufu wa methionini, na nafaka zina hali iliyo kinyume chake. Kwa hiyo kipande cha mkate au chakula kingine cha nafaka katika siku hiyo hiyo kinakamilisha hesabu. Lile limau la mwisho nalo lina faida zaidi ya ladha, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma kinachotoka katika mimea.

Gesi hutokana na sukari za jamii ya rafinosi, stakiosi na vebaskosi, ambazo utumbo mwembamba hauna kimeng'enya cha kuzivunja, zikafika kwa bakteria wa utumbo mpana zikiwa nzima. Sehemu yake huyeyuka katika maji, hivyo kuloweka njegere kwa saa 4 hadi 8 na kuyamwaga maji hayo hupunguza tatizo, ingawa hulimalizi. Zilizolowekwa huiva mapema kidogo pia, kwa hiyo anza kuziangalia baada ya dakika 35 na upunguze mchuzi kwa robo lita hivi, kwa kuwa zimekwisha kunywa maji yake. Asiyezoea vyakula vya nyuzinyuzi aanze na bakuli dogo.

#21 – Mwiko Mrefu

Mimi hupika sufuria kubwa mara moja na kuiweka kwenye friza. Njegere hazibadiliki, lakini viazi vikitoka huko huwa na chengachenga na maji. Kuna namna?

#22 – Mleta uzi

Supu ya kwenda kwenye friza usiitie kiazi kabisa. Igandishe bila kiazi, katika vyombo vya mlo mmoja mmoja, ukiacha nafasi ya sentimeta 2 juu kwa kuwa itapanuka, na kwa ubora iliwe ndani ya miezi 3. Siku ya kuila, iyeyushe usiku kucha ndani ya jokofu, ipashe ukiongeza maji, na kiazi kipya kilichokatwa vipande kichemshwe pembeni kwa dakika 10 hadi 12 ndipo kiingie. Siki au limau pia uiache mpaka siku hiyo.